Mate ya Susu

Alimtemea mwanangu mate kifuani. Sisemi alipiga chafya, wala sisemi yalimtoka kwa bahati mbaya akicheka. Alimfungua kifungo cha juu cha nguo, akainama, akatema kidogo, akapaka kwa kidole gumba, akasema maneno kwa Kikamba, kisha akanirudishia mtoto huku anatabasamu kama mtu aliyenipa zawadi. Mtoto alikuwa na miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuwa nimetimiza miaka miwili tangu nihamie Machakos kutoka Mombasa.

Kwetu mtu akikutemea mate, mmemalizana. Akimtemea mtoto mchanga, tena akanuiza maneno usiyoyajua, hayo si matusi tena, ni jambo la kuitiwa mwalimu wa dini. Nilimchukua mwanangu bila ahsante, nikaingia ndani, nikamvua nguo zote, nikamwogesha kwa sabuni mara mbili. Ile nguo sikuifua. Niliitia kwenye mfuko wa plastiki nikaifunga fundo, nikaiweka juu ya kabati, maana nilijua ipo siku itahitajika kuonyeshwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Tulipanga vyumba viwili kwenye ploti moja ya nyuma ya mji, mume wangu akifanya kazi kiwandani Athi River, anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Milango ilitazamana, mfereji uko katikati ya uwanja, na kila mtu alijua mwenzake amepika nini. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, mjane, aliyekuwa akichemsha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuuza mchana langoni. Ploti nzima ilimwita Susu. Kwa Kikamba ndiyo bibi. Kwetu pwani, susu ni kile kikapu kinachoning'inizwa darini ili paka asifikie kitoweo, kwa hiyo siku za mwanzo nilikuwa nikisikia jina hilo nacheka peke yangu.

Baada ya mate sikucheka tena.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Marehemu mama yangu alikuwa akisema hata nikipewa maji na malaika nitauliza yamechotwa kisima gani. Na mtu wa kushuku ana tabia moja: haulizi, anachunguza. Ningevuka uwanja ule, hatua kumi na tano hivi, nikauliza, "Bibi, ulikuwa ukimfanyia nini mwanangu?" Hatua kumi na tano. Badala yake nilikaa nyuma ya pazia langu nikaanza kukusanya ushahidi. Niliona anafagia akiuelekea mlango wangu. Niliona anamwaga majivu pembeni ya ukuta, mstari mwembamba, kila asubuhi. Niliona akipita anamtazama mwanangu, anasema kitu chini ya pumzi, kisha anatabasamu. Wengine wangesema mama wa watu anafagia, anazuia siafu, na anapenda watoto. Mimi nilisema kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya tatu mtoto akapata homa.

Hospitalini wakasema ni sikio, wakanipa dawa ya chupa, ya rangi ya waridi. Sikio! Mate yalitemwa kifuani, na kutoka kifuani hadi sikioni si safari. Nilimpa dawa, lakini nilimwambia mume wangu amlete pia mwalimu wa madrasa amwandikie mtoto kombe. Kwa asiyelijua, kombe ni aya zinazoandikwa kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, na yale maji akanyweshwa mgonjwa. Zafarani ilikuwa adimu Machakos. Mwalimu alitumia rangi nyekundu ya chakula, ile tunayotia kwenye biriani. Akaketi mkekani, akaandika, akaosha, nami nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Kesho yake homa ikashuka. Ilikuwa dawa au kombe, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nililipa kombe sifa, na Susu nikampa lawama.

Nikaenda mfereji­ni na ndoo yangu, nikawakuta wanawake watatu wa ploti, nikasema lile neno. Nililisema kwa sauti ndogo, ile sauti ndogo ambayo mtu huitumia anapotaka kusikika mbali. Nikasema yule si bibi, yule ni mchawi, amemtemea mwanangu mate na mtoto nusura anitoke. Mmoja akaweka mkono kinywani. Mwingine akasema, "Lisemwalo lipo." Sikujua, na sikutaka kujua, neno hilo lina uzito gani Ukambani. Kwangu lilikuwa neno la kumtia mtu adabu.

Ndani ya wiki moja wateja wa muthokoi walipungua langoni. Nilimwona Susu anarudi mchana na sufuria karibu imejaa, anaibeba kwa mikono miwili, na nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Lakini nami sikukaa na furaha yangu muda mrefu. Mwanamke mmoja wa mfereji­ni, aliyekuwa akipita kila siku akimbusu mwanangu, akaanza kupita mbali. Mwingine alikataa chai yangu, akasema amekunywa kwake, na mimi nilijua hata jiko hakuwa amewasha. Nikahisi kuna maneno yananizunguka na siyashiki. Mume wangu ndiye aliyeyasikia, kwa watu wa dukani: kwamba mwanamke wa Kiislamu wa ploti ile anamnywesha mtoto wake damu.

Nilitaka kuzimia kwa hasira. Nilijua mara moja yametoka mlango gani.

Mambo yakamfikia mwenye ploti, mzee wa msikitini mwenye hasira za karibu, jamaa wa mbali wa mume wangu. Akaja Jumapili baada ya alasiri, akaketi kwenye benchi karibu na mfereji, fimbo katikati ya magoti, akatuita wote.

"Kwenye ploti yangu sitaki mchawi na sitaki umbea," alisema. "Leo nataka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonitoa nyumbani kwangu."

Nikasema yangu. Nilikuwa nimeyapanga, hata ule mfuko wa plastiki nilikuwa nao. "Alimtemea mwanangu mate kifuani, mzee. Siku ya tatu, homa."

Susu alikuwa amesimama, hakutaka kuketi. "Hiyo mate ilikuwa baraka," alisema. "Kwetu mtoto akiletwa kwa mtu mzee, mzee anatema mate kidogo, anasema Ngai akuathime, Mungu akubariki. Ukinyima mtoto mate, hapo ndio watu watasema uko na kitu na yeye."

Wanawake wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilitazama pembeni. Nilijiambia wanamkingia wa kwao.

"Lakini yeye aseme yake," Susu akaendelea. "Mimi niliona na hii macho yangu. Mwanaume alikuja kwake, akaandika na damu kwa sahani, akaosha na maji, mtoto akakunywishwa. Mtoto wa miezi nne! Mimi niliingia kwa nyumba nikalia. Nikasema hawa watu wanamaliza huyu mtoto."

"Damu?" Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. "Ile ni rangi ya biriani! Yale ni maneno ya Mungu!"

Mwenye ploti aliangua kicheko, akakikata haraka.

"Mimi ningejuaje?" Susu akaniuliza.

"Ungeuliza!" nikamjibu.

Mmoja wa wanawake akacheka puani. Pale uwanjani sikuelewa anacheka nini. Nilielewa nilipofika ndani kwangu, na badala ya kuona haya nikazidi kukasirika.

Mzee aligonga fimbo chini. Alisema hana uwezo wa kupima mate wala kombe, yeye anataka amani. Kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa jamaa. "Binti, wewe ndiye mwenye mtoto. Ukisema huwezi kukaa naye, mwisho wa mwezi atatafuta kwingine. Sema."

Susu hakuniangalia. Alikuwa ameshika pindo la leso yake, analikunja na kulikunjua, analikunja na kulikunjua. Chumba kile alikuwa amekaa miaka kumi na zaidi, na pale langoni ndipo palipotoka chakula chake. Nilijua hayo. Kila mtu alijua.

Nikasema abaki.

Msinisifu. Nilisema abaki kwa sababu wote walikuwa wakinitazama, na kwa sababu nilitaka mzee aende kumwambia mkewe kwamba nina moyo mkubwa. Sikuwa nimebadilika hata kidogo. Kuna usemi wetu, akufukuzaye hakwambii toka, na mimi niliufuata kama kanuni. Susu akitoka, mimi naita mtoto ndani. Susu akimsalimia mtoto, mimi namziba uso kwa mtandio. Binti yangu alipoanza kutembea alimpenda yule mama kwa mapenzi yasiyo na sababu, akimwona anamkimbilia mikono juu. Susu alijifunza. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaigandisha hapo, akawa anarudi kinyumenyume mpaka ndani na kufunga mlango, na mtoto akabaki anagonga. Nami nyuma ya pazia nikijiambia: ona, mwenye hatia hujificha.

Miaka miwili na zaidi tuliishi hivyo.

Siku iliyonigeuza haikuwa na makuu yoyote. Binti yangu alikuwa na kikohozi kilichokataa kwisha, mimi nina mimba ya mtoto wa pili, na mume wangu alikuwa na siku ya mapumziko. Akamwita tena mwalimu wa madrasa. Nikawaachia chumba, nikatoka kwenda kuanika nguo. Kamba ya nguo ilipita mbele ya mlango wa Susu, na kwa kawaida mimi nilianika upande wa mwisho, mbali naye. Siku hiyo upande ule ulikuwa umejaa mashuka ya watu. Nikalazimika kusimama pale pale kwake, mgongo wangu ukiwa karibu na mlango wake, uso wangu ukielekea kwangu.

Pazia langu lilikuwa fupi. Hilo sikuwahi kulijua, kwa sababu maisha yangu yote kwenye ploti ile nilikuwa upande wa ndani. Kutoka pale kwa Susu, chini ya pazia, palikuwa na nafasi ya kama shubiri mbili. Nikaona mkeka. Nikaona miguu ya mtoto inarusharusha na mkono wa mwanamume umeishika isirushe. Nikaona sahani nyeupe, na maji mekundu yanazungushwa ndani yake. Hapakuonekana uso wa mtu. Hapakuonekana kitabu. Nikasikia sauti inanong'ona maneno nisiyoyashika, na mtoto analia hataki kunywa.

Kwa muda mfupi sana, muda wa kupepesa jicho, sikujua kwamba pale ni kwangu. Nilijua tu kuna mtoto mle ndani na kuna kitu anafanyiwa, na mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaanza kwenda.

Nikashika kamba ya nguo. Nikageuka. Susu alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda chake, anachagua maharagwe kwenye uteo, na macho yetu yakakutana. Aliyainamisha upesi.

"Mimi sijaangalia," alisema, kabla sijamuuliza lolote. "Mimi sijaona kitu, mwaitu."

Mwaitu maana yake mama yangu, ndivyo Wakamba wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Mtu wa umri wake akiniita mimi hivyo, kwa hofu ile, kwenye mlango wake mwenyewe. Nilitaka kumwambia ni kombe, ni kikohozi tu. Badala yake nikaacha nguo nusu kwenye beseni, nikarudi ndani, nikakaa kitandani. Nyani haoni kundule, mama alikuwa akisema, na mimi siku zote nikidhani anamsema shangazi.

Nilianza kuifungua miaka ile miwili upya, jambo moja moja, na kila jambo lilikuwa na upande mwingine kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Yule mama aliona mtoto aliyembariki kwa mate yake mwenyewe ananyweshwa damu na jirani asiyemsalimia. Akalia. Akawaambia watu, kama mimi nilivyowaambia watu. Kisha huyo mnywesha damu akapewa na mwenye nyumba mamlaka ya kumfukuza. Kama ningekuwa mimi ni yeye, ningekuwa nimeshatoroka. Na bado nilikuwa na kishuku changu. Kilikaa pale pale kinaniambia, je kama yote ni kweli, kombe ni kombe na yule naye ni mchawi? Kitu kile hakifi kwa kuona mara moja chini ya pazia.

Mtoto wa pili alikuwa wa kiume. Wanawake wa ploti walikuja kumwona, wengine na sukari, wengine na sabuni. Susu hakuja. Nilipotimiza arubaini nilimfunga mtoto kwenye leso, nikatoka, nikazivuka zile hatua kumi na tano.

Alikuwa anakoroga sufuria mlangoni. Aliponiona nakuja na mtoto, aliinuka na mwiko mkononi, akarudi nyuma hatua moja.

"Susu," nikasema, "nimekuletea mtoto umbariki. Kwa mate, kama mlivyozoea."

Hakutabasamu. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akachungulia nyuma yangu kama kuna watu nimewaficha. Nikaijua ile sura, maana ni yangu.

"Hapana," alisema.

"Nakuomba."

"Akishikwa na homa kesho, utasema ni nani?"

Akaweka mwiko chini, akasema kwa sauti ya chini sana, ile ya kweli ya kutosikika. "Mwaitu, unajua mimi nilitoka kwetu Ndithini namna gani? Nilishika mtoto wa shemeji yangu. Nikambariki hivyo hivyo. Akakuwa mgonjwa, wiki haikuisha akafa. Wakasema ni mimi. Walikuja na moto kwa nyumba yangu. Mimi nilitoka na nguo na sufuria moja. Hapa hakuna mtu anajua, mpaka wewe ukasema hilo neno pale kwa mfereji. Hiyo siku nilifunga vitu yangu."

Nilikuwa nimelitamka neno lile na ndoo mkononi, nikarudi nyumbani kupika.

"Lakini mimi ningemuona huyo mtoto wako wa kwanza bila kumbariki," akaendelea, "ningekuwa namna gani ya mtu?"

Muthokoi ulianza kushika chini na hakuna aliyejali. Mwishowe akasema, "Ukitaka, ita hao wengine wote. Waone ni wewe umekuja. Waone ni wewe umeniambia."

Hakuniamini, na alikuwa na haki yake. Nikaenda mfereji­ni, mahali pale pale, na safari hii nilitumia sauti kubwa. Nikasema nimemwomba Susu ambariki mwanangu, kwa mate, na nataka mje mwone, na kwamba lile nililolisema zamani lilikuwa uongo wa kinywa changu. Wakaja wanne. Nilimfungua mtoto nguo mimi mwenyewe. Susu alisukutua kinywa kwa maji safi, akajifuta, akainama. Akatema kidogo sana, karibu hewa tupu, akasema Ngai akuathime. Sitasema uongo: nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo mpaka mwisho. Mtu haachi tabia kwa siku moja.

Siku mbili zilizofuata nilimpapasa mtoto paji la uso labda mara mia. Mume wangu aliporudi kutoka Athi River aliniuliza, nikamwambia mtoto hajambo, na alipogeuka nikampapasa tena. Sikuwa naogopa mate. Nilikuwa naogopa homa, homa yoyote, ya meno, ya mbu, ya hewa ya Machakos, homa ambayo ingekuja kwa njia zake na kumkuta mama wa watu ameshasimama mbele ya mashahidi wanne niliowaita mimi.

Asubuhi ya siku ya tatu mlango ulibishwa kidogo. Alikuwa Susu, amesimama mbali na kizingiti, leso kichwani imefungwa kwa kukazwa, viatu miguuni. Nyuma yake, nje ya mlango wake, sufuria zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine na kufungwa kwa kamba, na godoro limekunjwa juu ya kigoda.

"Mtoto ameamka aje?" aliuliza.

"Ameamka vizuri, Susu. Hana homa."

"Umeangalia?"

Nikaingia ndani nikamleta mtoto, nikamsogeza mpaka kifuani kwake ili aangalie mwenyewe. Akatoa mkono nyuma ya mgongo, akauweka kwenye paji la uso, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akageuka, akavuka uwanja, akachuchumaa mlangoni kwake na kuanza kufungua kamba.